Hard si hardly: maneno madogo yanayoharibu barua zetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Bukavu



Nimeombwa niseme juu ya Kiingereza. Sitaleta sarufi yote. Nitasema tu juu ya maneno machache yanayofanana, yanayoweza kugeuza ukweli wako kuwa uongo kwenye karatasi uliyoiweka sahihi wewe mwenyewe.

Munajua hali yetu. Kuna waliorudi kutoka Uganda, watoto wao wamesoma kwa Kiingereza. Kuna waliorudi kutoka Nyarugusu, Tanzania, fasi shule za kambi zilifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Hapa Bukavu ofisi zinaandika Kifaransa, lakini barua nyingi za kazi na za msaada zinatakiwa kwa Kiingereza. Basi tunaandika Kiingereza huku tunawaza kwa Kifaransa na Kiswahili. Mtego uko hapo.

Tuanze na tunachojua. Tunasema "mwalimu mzuri", lakini "anafundisha vizuri". Neno la kwanza linaeleza mtu, la pili linaeleza tendo. Kiingereza nacho ni hivyo: "a good teacher", lakini "she teaches well". Kila mara jiulize: neno langu linaeleza mtu ao kitu, ama linaeleza tendo?

Mara nyingi Kiingereza kinaongeza mkia -ly kwa neno la tendo, kama Kifaransa kinavyoongeza -ment. "Slow" inakuwa "slowly", kama "lent" inavyokuwa "lentement". Shida ni kwamba kuna maneno ambayo, ukiyapa mkia huo, yanakuwa na maana nyingine kabisa.

Hard na hardly. "I work hard" ni nafanya kazi kwa bidii. "I hardly work" ni karibu sifanyi kazi yoyote. Fikiria barua ya kuomba kazi yenye neno hilo! Kifaransa chenyewe kinasema "travailler dur", bila mkia. Fuateni hiyo.

Late na lately. "He came late" ni alichelewa. "Lately" ni siku hizi. Lakini "my late brother" ni marehemu kaka yangu. Hapa tuwe waangalifu sana. Mtu anajaza fomu ya kutafuta ndugu waliyepotezana wakati wa kukimbia. Akiandika "my late brother", amemzika kwenye karatasi. Anayesoma anaweza kuacha kumtafuta. Kama hujui aliko, andika "my brother is missing".

Near na nearly. Kiswahili chetu kinatumia "karibu" kwa yote mawili: karibu na soko, karibu watu 200. Kiingereza kinayatenga: "near the market", "nearly 200 people". Na mukumbuke, "nearly 200" maana yake hawakufika 200. Kama walizidi, usiandike hivyo. Mwenye kukagua hesabu ataona majina 210 na atauliza.

Sasa mawili yanayotoka kwa Kifaransa. "Actuellement" ni sasa. Kwa Kiingereza andika "currently" ao "now". "Actually" ni kwa kweli, na mara nyingi inasahihisha jambo lililosemwa mbele. Ukiandika "Actually we have 30 families", mfadhili atajiuliza: kwani mwanzo walisema ngapi?

La mwisho ni zito zaidi. "Éventuellement" ni huenda, ikiwezekana. "Eventually" ni mwishowe, hata kama itakawia. Ukiandika "We will eventually repay", hukusema huenda tutalipa. Umeahidi kulipa. Kama ulitaka kusema huenda, andika "we may repay".

Mutafanya nini? Kabla ya kuweka sahihi, mutafute mtu mmoja akusomee barua na kukuambia kwa Kiswahili alichoelewa. Asikuambie kama ni nzuri. Akuambie inasema nini. Maana ikipotea, mutaiona hapo hapo. Na pale Kiingereza kinapokushinda, usione haya kuandika kwa Kiswahili na kutafuta wa kutafsiri. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa.

Nanyi wafadhili, tunawaomba neno moja. Mukikuta kwenye barua yetu sentensi inayoshangaza, mutuulize kwanza kabla ya kufunga faili. Pengine hakuna udanganyifu. Pengine ni mkia wa herufi mbili tu.