Kamera ya Nje: Tuchague kwa Makini, Tusimsingizie Mtu

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Kericho na Bomet)

 

Tunawashukuru kwa kuacha kuchuna majani mapema ili mje. Leo tuzungumze habari ya kamera za nje, zile za kufungwa langoni au karibu na zizi. Bonasi ya chai ikitoka, vikundi vingi huuliza: tununue ipi, tuifunge wenyewe? Swali ni zuri, maana ng'ombe wa maziwa akiibwa, karo ya mtoto imekwenda naye. Lakini kabla ya kufungua mfuko, yafaa tujiulize picha hiyo tunaitaka itujibu nini.

Tunasema hivi kwa sababu picha isiyo wazi ni hatari kuliko kukosa picha. Mtu aliyevaa kofia na koti la mvua, usiku, kwenye ukungu, anaweza kuwa mtu yeyote. Picha hiyo ikizunguka kwenye simu, na mmoja akasema "huyu ni kijana wa fulani", umati hauulizi tena. Sote twajua kwamba katika nchi yetu watu wameuawa na umati, na wengine hawakuwa na hatia. Basi kuchagua kamera ni jambo la uhai wa mtu.

Kwanza, uso. Mwenye duka atakuambia kamera yake inaona mita 30 usiku. Sawa, itaona kwamba kuna kitu kinatembea. Kumtambua mtu ni jambo lingine. Kipimo kinachotumiwa na mafundi wa Ulaya ni pikseli 250 kwa kila mita moja ya upana wa eneo. Kamera ya kawaida ya 1080p ina pikseli 1920 kwa upana. Ukigawanya, unapata mita 7 na nusu hivi. Eneo likiwa pana kupita hapo, usiuamini uso.

Kwa hiyo angalia lenzi. Lenzi ya milimita 2.8 huona eneo pana sana, lakini uso utautambua mpaka mita 3 hivi tu. Ya milimita 6 huona eneo jembamba, na uso utaupata karibu mita 8. Langoni, mahali kila mtu hupita, weka ya milimita 6. Ile pana weka uani, ukijua kwamba itakuambia "kuna mtu" na haitakuambia ni nani.

Pili, hali ya hewa yetu. Hapa kwetu kuna mvua nyingi, mvua ya mawe, ukungu na radi. Tafuta maandishi IP66 kwenye boksi: tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Ifunge chini ya upenu wa mabati, lakini isiwe karibu sana na ukuta. Usiku kamera hutoa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Mwanga huo ukigonga ukuta, utando wa buibui au ukungu, hurudi kwenye lenzi na picha yote inakuwa nyeupe. Dawa yake ni kufagia utando kila wiki, na kuweka taa ya kawaida mbali kidogo na kamera. Tena, usiielekeze mashariki wala magharibi moja kwa moja, kwa sababu sisi tuko karibu na ikweta na jua la asubuhi au la jioni litaipofusha. Waya mrefu wa nje huleta radi ndani ya nyumba, kwa hiyo hapo mwiteni fundi wa stima aufanyie kinga.

Tatu, nguvu za umeme. Stima hupotea, na mara nyingi ni usiku wa mvua, usiku ule ule ambao mwizi anaupenda. Kamera ya wati 5 ikifanya kazi saa 24 hula wati-saa 120, yaani ampea-saa 10 za betri ya volti 12. Betri za asidi hazifai kumalizwa kupita nusu. Ukitaka siku mbili bila jua, nunua betri ya ampea-saa 40 na paneli ya sola ya wati 50. Anayekuuzia paneli ndogo kama kitabu, mwulize hesabu hiyo.

Nne, kuhifadhi. Picha zikirekodiwa mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 20 na zaidi kwa siku. Kadi ya gigabaiti 64 itashika siku tatu, halafu itaanza kufuta za zamani. Mkienda matanga siku nne, za siku ya kwanza zimekwenda. Nunueni ya 128. Na neno la siri lililotoka kiwandani libadilishwe siku ile ile. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na vifaa vingi duniani kwa sababu wenyewe hawakubadilisha neno hilo.

Tano, jirani. Kamera yako isitazame mlango wake wala bafu lake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haiguswi na matumizi ya mtu nyumbani mwake tu, lakini kamera ya kikundi, kwa mfano kwenye kituo cha kununulia majani, si ya nyumbani tena. Wekeni kibao, na mwandike kwenye kitabu cha mikutano ni nani wawili wanaoruhusiwa kutazama.

Wizi ukitokea, msipeleke picha WhatsApp. Pelekeni kwa naibu wa chifu na polisi, mpate nambari ya OB, na kadi yenyewe itunzwe. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti chenye sahihi ya anayesimamia kifaa, kwa hiyo awepo mtu huyo. Kama picha haionyeshi uso, semeni hivyo wazi mbele ya kokwet, na jina la mtu lisitajwe.

Mwisho, fanyeni jaribio hili kabla ya kumlipa fundi salio lake. Saa nne ya usiku, mwanachama mmoja avae kofia na asimame langoni. Waonyesheni picha wenzake watatu ambao hawakuambiwa ni nani. Wakishindwa kumtaja, au wakitaja mtu mwingine, kamera hiyo bado. Isogezeni, ongezeni taa, mjaribu tena kesho yake.

 Sasa tupokee maswali.