MAHALI NA MWANGA WA GHAFLA KATIKA HADITHI FUPI
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme machache juu ya hadithi fupi. Kazi yangu ni ya serikali, na huko tumezoea barua yenye kichwa cha habari, sababu, kisha uamuzi. Hadithi haiandikwi hivyo. Hapo ndipo vijana wengi wanapojikwaa: humalizia kwa methali, au kwa mzee anayetoa wasia.

Tutazame mfano mmoja. Mwaka 1914 James Joyce, mwandishi wa Ireland, alitoa kitabu cha hadithi 15 juu ya watu wa Dublin. Moja inaitwa "Araby". Mtoto wa kiume anaishi kwa mjomba wake katika mtaa uliozibwa upande mmoja, ndani ya nyumba alimofia padri aliyekuwa mpangaji. Anampenda dada wa rafiki yake, naye amemwahidi zawadi kutoka soko la maonyesho liitwalo Araby, jina linalomjaza ndoto za Mashariki. Siku ikifika, mjomba anachelewa kurudi na fedha. Mtoto anafika sokoni saa nne kasoro dakika kumi usiku. Vibanda karibu vyote vimefungwa, mwuzaji mmoja anapiga soga na wanaume wawili, taa zinazimwa. Hapo gizani ndipo anapojiona alivyo, na uchungu unamshika.

Angalieni: hakuna aliyemhubiria. Kilichosema ni mahali penyewe: mtaa uliozibwa, saa zilizopita, giza. Viondoeni hivyo, na ule mwisho hauna mizizi. Joyce aliuita mwanga wa namna hii epifania, neno la Kanisa lenye maana ya kudhihirika. Mandhari, basi, si pambo la aya ya kwanza. Ni kuni zinazopangwa mapema ili moto uwake mwishoni.

Nasema haya si kwa ajili ya mtihani tu. Kijana aliyezoea kuelezwa maana ya kila jambo, siku atakapokuta soko lake limefungwa, nani atamfasiria? Hadithi nzuri humzoeza kuona kwa macho yake.

Kwa hiyo, vijana, mkiandika, jengeni mahali kwa uangalifu, kisha nyamazeni. Msomaji atafika mwenyewe.