Farasi na Njia Yake

Jioni hii nataka kusema nanyi habari za mbio za farasi. Si habari za kamari, bali za uwanja wenyewe. Maana watu humtazama farasi na mpandaji wake, wakaisahau ardhi iliyo chini ya kwato.

Kwanza fikirini kona. Mwili wa farasi akimbiaye hutaka kwenda mbele moja kwa moja, naye hana budi kuinama upande wa ndani ili azunguke. Akizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya kumgeuza sharti izidi mara nne. Kwa hiyo kona kali hupunguza mwendo.

Tena, ninyi wanafunzi, chukueni kalamu. Farasi wawili wazunguka nusu duara, mmoja akiwa mita 2 nje ya mwenziwe. Huyo wa nje atakimbia zaidi ya mita 6 kumpita wa ndani. Na mara nyingi mshindi hushinda kwa kichwa tu! Ndiyo sababu katika mji wa Chester, Uingereza, ambako uwanja ni mdogo na karibu wote ni kona, farasi aliyepangiwa nafasi ya ndani huwa na faida. Lakini Newmarket iko njia iliyonyoka maili nzima, wala hapana kona ya kumsaidia mtu.

Sasa twende Epsom, ambako mashindano ya Derby yalianza mwaka 1780. Njia yake ni ya maili moja na nusu, yenye umbo la kiatu cha farasi. Hupanda kilima, kisha hushuka ikipinda kushoto mpaka kona ya Tattenham. Baadaye hunyoka, walakini ardhi yake imeinama upande mmoja. Farasi asiyejua kujiweka sawasawa huyumba mteremkoni.

Mwaka 1986 farasi Dancing Brave, aliyekwisha kushinda Newmarket, aliachwa nyuma sana huko Epsom. Kwenye mnyoosho wa mwisho alikuja kama mshale, lakini Shahrastani alikwisha kutangulia, akamshinda kwa nusu ya urefu wa farasi. Wengine walimlaumu mpandaji, wengine mteremko. Basi Julai mwaka ule ule, huko Ascot, Dancing Brave akamshinda Shahrastani. Na Oktoba, huko Longchamp mjini Paris, akamshinda tena.

Ushindi wa Shahrastani ulikuwa halali, kwa kuwa kilima kilikuwa kimoja kwa wote. Lakini yeye aliyesema siku ile kwamba Dancing Brave hafai, alihukumu upesi mno.

Nasi wazazi na walimu tuna mizani hiyo mikononi. Mtoto akishindwa katika mtihani mmoja, tusimwandike mjinga. Kwanza tuulize: alikimbia katika njia gani?

Kwaherini.