Kusoma Pamoja: Msaada wa Kitaaluma Unaomfaa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu



Matokeo ya muhula yanapotoka, mazungumzo yaleyale huzuka katika ofisi za walimu. Wanafunzi wengi wameanguka kalkulasi, au takwimu, au kemia ya mwaka wa kwanza, na sababu hutajwa papo hapo: hawana bidii, msingi wao wa sekondari ni mbovu, nyumbani hawana wa kuwahimiza, fedha za kujikimu zimechelewa.

Katika miaka ya 1970, walimu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa majibu yanayokaribiana sana na hayo. Aliyewauliza ni Uri Treisman, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu. Wanafunzi Weusi walikuwa wakianguka kalkulasi kwa wingi, ilhali wenzao wenye asili ya Kichina wakifanya vizuri. Badala ya kukubali maelezo ya walimu, Treisman alichukua wanafunzi 20 kutoka kila upande, akawafuata mabwenini na majumbani, akatazama wanavyosoma. Utafiti mwingi juu ya wanafunzi wetu hufanywa kwa hojaji inayojazwa darasani. Yeye alikaa nao usiku, daftari zikiwa wazi.

Alichokiona kilibomoa kila sababu iliyotajwa. Wale wanafunzi Weusi walikuwa na bidii. Wengi walitoka shule walikoongoza darasa, na familia zao zilikuwa zimewekeza katika elimu yao kila zilichokuwa nacho. Walihudhuria vipindi, wakafanya kazi zote walizopewa, wakasoma saa walizoshauriwa kusoma. Lakini 18 kati ya wale 20 hawakuwahi kusoma pamoja na wanafunzi wenzao. Wanafunzi wenye asili ya Kichina, kwa upande wao, walianza kila mmoja peke yake, kisha jioni wakakutana. Walikula, wakalinganisha majibu, wakakosoana, wakapitia mitihani ya miaka iliyopita. Swali likiwashinda wote, walijua kwamba ni gumu kweli. Mwanafunzi aliye peke yake hawezi kujua hivyo. Swali likimshinda, anadhani yeye ndiye mwenye kasoro, na kwa aibu hamwambii mtu.

Kutokana na hayo Treisman alianzisha programu ya warsha za hisabati, na hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kwa makini. Warsha zile hazikuitwa masomo ya walioshindwa. Wanafunzi walialikwa kama watu wanaotarajiwa kung'ara, wakapewa maswali magumu kuliko ya darasani, nao wakayashughulikia wakiwa pamoja. Wengi walifaulu vizuri, na mfano huo ukaigwa katika vyuo vingine vya Marekani.

Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Missouri kule Kansas City, Deanna Martin alikuwa amefikia wazo la jamii hiyo kwa njia nyingine. Yeye hakuanza kwa kumtafuta mwanafunzi dhaifu. Alitafuta somo gumu, yaani somo ambalo wanafunzi wengi hulifeli au huliacha katikati. Kila aliyesajiliwa katika somo hilo alikaribishwa kwenye vipindi vya kusoma pamoja, mwenye alama A pamoja na mwenye F. Kiongozi wa kipindi alikuwa mwanafunzi aliyekwisha kulifaulu somo hilo. Alihudhuria tena mihadhara ya somo hilo, akiandika kama wengine, kisha akakutana na wenzake mara kadhaa kwa wiki. Hakuruhusiwa kufundisha upya. Kazi yake ilikuwa kuuliza, kumpa chaki anayesitasita, na kurudisha swali kwa kundi. Mfumo huo umeenea katika nchi nyingi, Afrika Kusini ikiwemo.

Sisi tumezoea kinyume chake. Tunasubiri mtu apate sapu, yaani mtihani wa marudio, au akaribie kudisko, yaani kuondolewa masomoni, ndipo tumwite kwa mshauri wa masomo. Simdharau mshauri. Mwanafunzi aliyefiwa, au asiyejua kupanga wiki yake, anahitaji mtu mzima wa kuketi naye faraghani. Ila msaada unaotolewa kwa walioanguka tu humtia mtu alama machoni pa wenzake, na anayeuhitaji zaidi ndiye atakayeukwepa.

Na kusoma pamoja si kitu kigeni kwetu. Piteni kwenye vimbweta vya chuo saa mbili usiku wiki moja kabla ya mitihani, mtakuta makundi ya wanafunzi. Mhadhara waliusikia kwa Kiingereza, pale wanaulizana kwa Kiswahili, "Hapa umepataje hasi?" na aliyeulizwa anagundua kwamba alikuwa amekariri bila kuelewa. Katika mazungumzo hayo somo linaanza kuwa mali yao. Mwalimu anayeyabeza kwa sababu ya lugha inayotumika hajayasikiliza.

Lakini makundi hayo yana upungufu mkubwa. Mengi huundwa kwa urafiki, kwa hiyo aliyetoka shule ya mbali bila kujua mtu hubaki nje. Mengine hugeuka mahali pa kugawana madesa, au mmoja hufanya kazi na watano wakaweka majina. Mengi hukutana usiku, na binti aliyepanga chumba mbali na chuo hawezi kubaki hadi saa nne akitafuta daladala gizani. Huyo tunamkosesha kitu ambacho mwenzake wa bwenini anakipata bure, kisha tunawapa wote mtihani mmoja. Jambo hili linaniuma.

Kwa hiyo ombi langu kwa idara ni hili. Kila idara ichague somo moja la mwaka wa kwanza linaloangusha wengi. Vipindi viwili vya kusoma pamoja viingizwe kwenye ratiba rasmi, mchana, katika chumba chenye ubao, na wote waalikwe tangu wiki ya pili. Wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wafunzwe kuviongoza na walipwe, kwa kuwa kazi ya kujitolea huachwa na wale wasio na nauli. Viongozi hao wasisahihishe mtihani wowote wa somo hilo, ili mtu aweze kukosea mbele yao bila hofu. Mahudhurio yaandikwe, na mwisho wa mwaka matokeo yalinganishwe kwa haki: wanaokuja kwa hiari huenda wana ari zaidi tangu mwanzo, hivyo tuwapime pia kwa alama walizoingia nazo. Mimi nitaanza na kalkulasi, na nafasi za viongozi zitatangazwa kwenye ubao wa idara kabla ya muhula kufunguliwa.