Kubadili Fani ya Ubingwa Katikati ya Masomo: Haja ya Kuwa na Njia Halali

Mada kwa warsha ya wasimamizi wa mafunzo ya madaktari bingwa



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa sauti ya chini kwenye korido za wodi: daktari aliyekwisha kuanza kusomea ubingwa wa fani moja anapotaka kuhamia nyingine. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kuhama fani ni jambo la kawaida katika malezi ya madaktari bingwa, na linahitaji njia iliyoandikwa, inayojulikana, ambayo mtu anaweza kuipita mchana kweupe. Tunapomlazimisha aandike barua ya kuacha masomo, akae nje, aombe upya na kuanza mwaka wa kwanza kana kwamba hajawahi kushika mgonjwa, tunatupa elimu ambayo nchi imekwisha kuilipia.

Nianze na mtu ambaye jina lake huandikwa kila siku katika wodi zetu za wazazi. Mkunga akishampokea mtoto, dakika ya kwanza na ya tano huangalia mambo matano: mapigo ya moyo, upumuaji, nguvu ya misuli, namna mtoto anavyoitikia anapochokozwa, na rangi ya ngozi. Kila moja hupewa sifuri, moja au mbili, na jumla huingia kwenye faili la mama. Ikiandikwa tisa, watu hutabasamu. Ikiandikwa tatu, tayari mtu ameshika ambu, mfuko wa kumpulizia mtoto hewa. Alama hizo ni za Virginia Apgar, aliyehitimu udaktari Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1933, na akaanza mafunzo ya upasuaji hapo hapo.

Apgar hakumaliza njia hiyo. Mkuu wake wa upasuaji, Allen Whipple, alimshauri ahamie fani ya usingizi. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, wanawake aliokwisha kuwafundisha upasuaji walipata shida kujipatia riziki kwa kazi hiyo. Ya pili, Whipple aliona kwamba upasuaji hauwezi kusonga mbele kama kazi ya usingizi haina madaktari waliobobea. Apgar akaenda Madison, Wisconsin, kujifunza kwa Ralph Waters, kisha hospitali ya Bellevue huko New York, na mwaka 1938 akarudi Columbia kuongoza kitengo cha usingizi. Mwaka 1949 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa kamili katika shule ile ya tiba. Alama zake alizitangaza kwenye mkutano wa wataalamu mwaka 1952 na zikachapishwa mwaka uliofuata.

Sitaki tuipambe habari hii. Ile sababu ya kwanza ya Whipple ilikuwa dhuluma ya zama zake, na mwanamke anayetaka upasuaji leo anastahili kufundishwa upasuaji. Ninachotaka tukitazame ni namna jambo lenyewe lilivyoendeshwa. Mkuu wa idara alizungumza na mwanafunzi wake ana kwa ana. Alijua fani anayomwelekeza na alijua inakohitajika. Na Apgar alipomaliza kujifunza, alirudi kufanya kazi katika hospitali ile ile, miongoni mwa watu wale wale. Mtoto aliyezaliwa amechoka alipata mtetezi kwa sababu daktari wa usingizi, aliyesimama upande wa kichwa cha mama, alikuwa na jicho la mtu aliyefundwa kwenye chumba cha upasuaji.

Sasa tujiulize kwa nini vijana wetu hukosea kuchagua. Daktari tarajali hupitia hasa idara nne kubwa: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na wanawake na uzazi. Hizo ndizo anazozijua kwa mikono. Usingizi ameuona akiwa ameshika vyuma vya upasuaji upande wa pili wa pazia. Radiolojia ameiona kama karatasi ya majibu. Patholojia ni jengo la nyuma analopeleka sampuli. Magonjwa ya akili aliyapitia wiki chache akiwa mwanafunzi. Halafu tunamtaka ajaze fomu ya ubingwa kwa imani ile ile kana kwamba amezionja zote. Mwingine anachagua upasuaji kwa sababu alimpenda mwalimu mmoja, mwingine anachagua watoto kwa sababu nafasi ya ufadhili ilikuwa huko. Zipo pia fani ambazo hazikuwepo daktari alipokuwa anasoma. Idara ya kisasa ya magonjwa ya dharura pale Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na masomo ya ubingwa wa fani hiyo yakaanza katika chuo kikuu cha afya cha hapo hapo, MUHAS, wakati huo huo. Daktari aliyehitimu miaka michache kabla hakuwa na namna ya kuitamani.

Linalotukwamisha zaidi ni fedha, na hapa nitakaa kidogo.

Tumchukue daktari aliyeruhusiwa na halmashauri yake kwenda kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Mkurugenzi amesaini ruhusa ya masomo, mshahara unaendelea, na Mganga Mkuu wa Wilaya amekwisha kuwaambia watu kwamba baada ya miaka mitatu bingwa atarudi. Mwaka wa kwanza unapoisha, daktari huyu anagundua kwamba kinachompa uhai ni kazi ya usingizi na uangalizi wa wagonjwa mahututi. Kwa chuo, hili ni suala la udahili. Kwa mwajiri, ni kuvunja makubaliano. Hakuna meza moja ambapo chuo, mwajiri na daktari wanakaa wakauliza swali lililo dhahiri: je, hospitali ya wilaya inayofanya upasuaji wa uzazi usiku na mchana haimhitaji mtu wa usingizi? Mara nyingi inamhitaji sana. Lakini barua ya ruhusa imeandika fani moja, na barua ndiyo inayotawala.

Tusidhani wenzetu wenye fedha wameumaliza mtihani huu. Marekani, serikali huzilipa hospitali kupitia mfuko wa Medicare ili zifundishe madaktari bingwa. Fani ya kwanza ambayo daktari anaingia ndiyo inayopanga idadi ya miaka atakayolipiwa kikamilifu: tiba ya familia mitatu, upasuaji wa jumla mitano. Akihama, saa haianzi upya. Aliyesoma tiba ya familia miaka miwili kisha akaenda upasuaji amebakiwa na mwaka mmoja wa malipo kamili ya gharama za moja kwa moja za mafunzo; baada ya hapo, kwa malipo hayo, anahesabiwa kama nusu mtu. Kwa hiyo mkuu wa programu anayempokea anatazama uwezo wake kwanza, kisha anauliza amebakiwa na miaka mingapi. Na kwa madaktari wetu wanaokwenda huko kwa viza ya J-1, sharti ni gumu zaidi: wanaruhusiwa kubadili fani mara moja tu, tena ndani ya miaka miwili ya kwanza. Nawasihi walimu wanaowaandikia vijana barua za utambulisho wawaambie jambo hili kabla hawajapanda ndege.

Uingereza nayo ilipitia machungu yake. Mwaka 2007, chini ya mpango mpya uliowataka madaktari wachague fani mapema, mfumo wa kuomba nafasi kwa kompyuta ulivurugika hadi madaktari wakaandamana London. Miaka kumi baadaye, baraza linalosimamia madaktari wa nchi hiyo lilitoa ripoti ya kutaka mafunzo yalegezwe, ili anayehama fani ahesabiwe yale aliyokwisha kuyaweza.

Kwetu, mfano ulio karibu zaidi upo Arusha. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, huwafundisha madaktari wakiwa ndani ya hospitali zao. Huanza na miaka miwili ya msingi wa upasuaji, wanafanya mtihani, ndipo wanaendelea na tawi: mifupa, njia ya mkojo, ubongo na mishipa ya fahamu, watoto na mengineyo. Aliyedhani anataka mifupa ana miaka miwili ya kugundua kwamba moyo wake uko kwingine, na akigeuka hajapoteza kitu. Sioni kwa nini fani nyingine zenye undugu zisijengewe shina la pamoja la namna hii, hata likiwa la mwaka mmoja.

Kuhusu kuhesabiwa kilichokwisha kupatikana, niseme kwa mfano wa wodini. Mashine inayopima oksijeni kidoleni hutoa mlio kwa kila pigo la moyo, na oksijeni inaposhuka mlio nao hushuka, unakuwa mzito. Daktari aliyefanya mwaka mzima wa usingizi husikia mlio ukianza kushuka akiwa bado ana mazungumzo na muuguzi. Mkono wake umekwisha kwenda kwenye taya la mgonjwa kulinyanyua kabla hajageuka kutazama namba. Akihamia magonjwa ya dharura, anakuja na sikio hilo na mkono huo. Anajua kuweka mpira wa kupumulia, anajua kipimo cha ketamini, anajua wakati wa kuita msaada. Kumwambia aanze mwaka wa kwanza sawa na aliyetoka mafunzo ya tarajali jana ni kukataa kuona kilicho mbele ya macho yetu.

Ninajua pingamizi litakalotolewa, na lina uzito. Tukifungua njia, fani zenye mzigo mkubwa na maslahi madogo zitakimbiwa. Lakini idara inayokimbiwa kila mwaka inatuambia jambo kuhusu idara yenyewe: zamu zisizo na kikomo, wanafunzi kufokewa mbele ya wagonjwa, mwalimu asiyeonekana usiku. Hayo yanatibiwa hapo hapo idarani. Na si kila anayetaka kuhama akubaliwe. Aliyechoka anahitaji kupumzishwa; aliyefiwa na mgonjwa mezani na akapoteza ujasiri anahitaji mwalimu wa kusimama naye kwenye operesheni kadhaa zinazofuata. Ndiyo maana mazungumzo ya kwanza yafanywe na mtu asiyekuwa wa idara yake, anayeweza kumsikiliza bila kuwaza nani atajaza orodha ya zamu mwezi ujao.

Napendekeza, kwa hiyo, kila anayesomea ubingwa apewe kikao cha namna hiyo kabla mwaka wa kwanza haujaisha, awe ana shida au hana. Anayeamua kuhama aombe kabla hajaanza kukusanya takwimu za tasnifu yake, maana baada ya hapo hasara huwa kubwa kwa wote. Idara inayompokea isitegemee kitabu chake cha kazi peke yake. Imtazame akifanya kazi wiki nne, kisha iandike ni sehemu gani za mwaka wa kwanza amekwisha kuzimudu. Mwajiri ashirikishwe tangu barua ya kwanza, na fani zenye upungufu katika wilaya au mkoa wake zipewe kipaumbele. Mkuu wa idara anayoiacha aandike barua ya kumkabidhi yenye kueleza kazi yake kwa haki, na isizuiliwe kwa sababu ya hasira.

Suala la ada ya mwaka uliokwisha kulipwa sijalipatia jibu ninaloridhika nalo, kwa kuwa wafadhili wetu ni wengi na masharti yao yanatofautiana. Naomba wajumbe kutoka Wizara na kutoka vyuoni walichukue katika kikao cha mchana, wakiwa na mikataba yenyewe mezani.