Kiwavi Anayefundisha Kuandika

Mwaka 1969 Mmarekani Eric Carle alitoa The Very Hungry Caterpillar, kitabu cha kiwavi mwenye njaa. Jumatatu anatoboa tufaha moja, Jumanne mapea mawili, na hesabu inapanda hadi machungwa matano siku ya Ijumaa.

Kwa mwalimu wa darasa la pili, mpangilio huo ni mtaji. Kwanza anawasomea watoto kwa sauti, wafurahie tu. Kisha wanakirudia kitabu: mwandishi amerudia nini, amebadilisha nini? Halafu wanatunga pamoja ubaoni: Jumatatu mbuzi wa jirani alikula mchicha mmoja, Jumanne akala migomba miwili. (Darasa litacheka, na waachwe wacheke.) Mwisho kila mtoto anaandika mnyama wake na balaa lake.

Huko si kunakili. Kinachoazimwa ni muundo, maneno ni ya mtoto. Tahajia isubiri kidogo, maana kalamu nyekundu ikiwahi mno, mtoto hubaki na vijisentensi viwili vya woga.

Shule isiyo na maktaba? Mradi wa African Storybook unatoa hadithi za Kiswahili bure mtandaoni, na unaruhusu zichapishwe. Mwalimu, anza na moja wiki hii.