Singapore: Tope Laini na Hesabu za Wahandisi

Makala ya sayansi na ufundi juma hili inaelekea Singapore, kuangalia jambo ambalo wahandisi wenyewe huona taabu kulieleza kwa lugha ya kawaida: jinsi udongo laini wa mfinyanzi unavyogeuzwa kuwa hesabu, na yanayotokea hesabu hiyo inapouelewa vibaya udongo.

Yapata saa tisa na nusu alasiri ya Aprili 20, mwaka 2004, shimo lililokuwa likichimbwa kando ya barabara kuu ya Nicoll, kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi, liliporomoka. Lilikuwa limefika kina cha mita 30 hivi. Mihimili ya chuma iliyowekwa kuzitenganisha kuta mbili za zege ilikunjika, kuta zikaangukia ndani, na ardhi ya pande zote mbili ikazifuata. Kipande cha barabara chenye urefu wa mita 100 hivi kilizama. Mabomba ya gesi na nyaya za umeme zikakatika.

Watu wanne waliokuwa kazini walifariki dunia, na watatu wakajeruhiwa. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo msimamizi wa wafanyakazi aliyesifiwa kwa kuwahimiza na kuwasaidia wenzake kutoka shimoni. Mwili wake haukupatikana. Waokoaji walilazimika kusimamisha msako baada ya siku tatu, kwa kuwa ardhi ilikuwa ingali ikisogea.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi, nayo ikatoa ripoti yake ya mwisho mwezi Mei, 2005. Ripoti hiyo haikumnyoshea kidole mtu mmoja wala sababu moja. Hata hivyo, makosa mawili ya usanifu yalitajwa kuwa ya msingi. La kwanza lilikuwa katika viungo vya chuma, pale mihimili inapokutana na boriti za ukutani. La pili lilikuwa katika namna udongo ulivyoelezwa kwa kompyuta. Kosa la viungo hueleweka kwa urahisi, kwani chuma chembamba hupinda. La udongo ndilo lenye mafunzo mengi zaidi, na ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya mazungumzo haya.

Udongo wenye kumbukumbu

Chini ya eneo lile kuna udongo wa mfinyanzi uliotuama baharini maelfu ya miaka iliyopita, na juu yake ukamwagwa mchanga na kifusi ili kupata ardhi mpya ya kujengea. Mkazi wa pwani aliyewahi kuvuka tope la mikoko wakati maji yamekupwa anaujua udongo wa namna hiyo. Mguu huzama polepole, na kadiri mtu anavyojitahidi kuuchomoa ndivyo tope linavyolegea.

Kulegea huko kuna sababu. Tikisa pishi la mchele uliomiminwa ovyo, na punje zitashuka na kushikana. Chembe za udongo laini nazo zimekaa ovyo ovyo, na zikisukumwa hutaka kusogeleana. Tofauti ni kwamba nafasi zilizo kati yake zimejaa maji, na maji hayo hayapati njia ya kutoka kwa haraka, maana vitundu vya mfinyanzi ni vidogo mno. Basi maji huubeba mzigo uliokuwa juu ya chembe. Chembe zikipunguziwa mzigo, msuguano kati yake hupungua, na udongo hupoteza nguvu wakati ule ule inapohitajika.

Aliyelipambanua jambo hili mapema kuliko wengine ni Karl Terzaghi, mhandisi mzaliwa wa Prague, ambaye kitabu chake kuhusu umakanika wa udongo kilichapishwa huko Vienna mwaka 1925. Kanuni yake ni fupi. Kinachoupa udongo nguvu si mkazo wote uliopo, bali ni ule unaobaki baada ya kutoa shinikizo la maji. Elimu yote ya misingi ya majengo katika udongo laini imejengwa juu ya kutoa huko kumoja.

Kabla ya Terzaghi, wahandisi waliitegemea kanuni ya Mfaransa Charles Coulomb, ofisa wa jeshi aliyewahi kusimamia ujenzi wa ngome katika kisiwa cha Martinique, na aliyewasilisha hoja zake miaka ya 1770. Kwa Coulomb, udongo hukatika pale msukumo unaposhinda mambo mawili: mshikamano wake na msuguano wake. Kanuni hiyo ingali hai, na kwa mchanga mkavu au ukuta mfupi inatosha kabisa. Ila haisemi neno juu ya yanayotokea kabla ya udongo kukatika. Kwa mujibu wake udongo ni kama mpira hadi dakika ya kukatika, na baada ya hapo huteleza tu.

Pengo hilo lilijazwa na kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Kenneth Roscoe, Andrew Schofield na Peter Wroth walichapisha makala yao maarufu mwaka 1958, na katika miaka iliyofuata ikazaliwa modeli iliyopewa jina la mto Cam unaopita mjini humo. Mwaka 1968 Roscoe na John Burland waliirekebisha, na umbo hilo la pili ndilo lililoingia katika programu nyingi za kompyuta. Roscoe hakuishi kuona ilivyoenea. Alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 1970.

Modeli, kwa maana inayotumika hapa, ni kanuni ya kihesabu inayoeleza udongo utajibu vipi ukikandamizwa au ukipotolewa. Modeli ya Cam huanza na wazo kwamba udongo una kumbukumbu. Mzigo mkubwa kuliko yote uliowahi kuubeba huacha alama. Chini ya alama hiyo udongo ni mgumu kiasi, na hurudi karibu na ulivyokuwa. Ukiivuka, hulegea na kujikunja moja kwa moja. Wazo la pili ni kwamba ukandamizaji na upotoaji havitenganishwi, kwa sababu udongo laini ukipotolewa hutaka pia kupungua ujazo. Wazo la tatu ni kwamba mwishowe hufika hali ambayo udongo huendelea kugeuka umbo bila kupungua ujazo wala kubadilisha nguvu. Namba tano tu zinatosha kuyaeleza yote hayo, na zote hupimika maabara. Ni nadra kwa nadharia ya ardhi kubana mambo mengi namna hiyo katika namba chache.

Kweli mbili na jibu la uongo

Sasa turejee shimoni. Wasanifu wa Singapore waliitumia kanuni ya Coulomb ndani ya programu ya kompyuta, na wakaiambia mambo mawili. Kwanza, pembe ya msuguano wa udongo, kama ilivyopimwa. Pili, kwamba uchimbaji unakwenda haraka, hivyo maji hayatapata muda wa kutoka. Mambo yote mawili yalikuwa ya kweli, na kila msikilizaji angetarajia jibu la kweli vilevile.

Lakini udongo wa Coulomb haujui kutaka kupungua ujazo. Unapopotolewa ndani ya kompyuta, chembe zake hazijaribu kusogeleana, maji hayachukui mzigo wa ziada, na mkazo kati ya chembe unabaki vilevile hadi mwisho. Nguvu inayopatikana ni ya tope lisilolegea. Udongo wa aina hii ambao haujawahi kubeba mzigo mkubwa kuliko ule ulio nao, aghalabu huwa na nguvu kati ya moja ya tano na robo ya mkazo unaoukandamiza. Njia ile ya hesabu huweza kuutangaza kuwa na karibu moja ya tatu. Tena, kwa kuwa mkazo huongezeka kadiri mtu anavyokwenda chini, tofauti nayo hukua kwa kina. Katika shimo la mita 10 huenda isionekane. Katika shimo la mita 30 ni jambo jingine.

Tume iliiita njia hiyo Njia A, na jina hilo limebaki midomoni mwa wahandisi hadi leo, pengine kwa namna ya kuonya. Ilibainika kwamba iliupunguza mno mwendo wa kuta na nguvu ya kuzipinda, kwa kiasi cha nusu hivi. Kuta zilizotarajiwa kusogea kidogo zilisogea mara mbili. Na hapo ndipo kosa la udongo lilipokutana na kosa la chuma, maana sehemu za safu ya tisa ya mihimili, kwa mujibu wa tume, zilikuwa kwa wastani na takriban nusu ya nguvu zilizopaswa kuwa nayo. Safu ya kumi ilikuwa bado haijawekwa, na tabaka la udongo uliotiwa saruji, lililokuwa likizisaidia kuta kwa chini, lilikuwa limekwisha kuchimbuliwa ili kupisha kazi.

Ingekuwa haki kusema kwamba kompyuta si ya kulaumiwa peke yake. Vipimo vilivyofungwa kwenye kuta vilikuwa vikionyesha, wiki baada ya wiki, kwamba ardhi inasogea kupita ilivyokisiwa. Badala ya kuuliza kwa nini, hesabu zilirudiwa kwa namba zilizorekebishwa ili zilingane na vipimo, na mipaka ya hatari ikasogezwa mbele. Modeli iliyolazimishwa kukubaliana na jana haina ushahidi wa kutoa juu ya kesho. Asubuhi ya siku ya ajali wafanyakazi walisikia vishindo kutoka kwenye mihimili na kuona boriti zikipinda. Waliletewa zege ya kuzijaza kwa nyuma. Kazi haikusimamishwa mapema, na shimo halikuhamwa.

Yaliyobaki nje ya hesabu

Isidhaniwe kwamba modeli ya Cam ndiyo dawa ya kila tope. Haijui wakati, ilhali udongo laini huendelea kushuka hata mzigo usipoongezwa. Laurits Bjerrum, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa udongo ya Norway, alilieleza hilo mwaka 1967 kutokana na mifinyanzi ya nchi hiyo. Kisiwa cha kutengenezwa chenye uwanja wa ndege wa Kansai, Japani, uliofunguliwa mwaka 1994, kimeshuka zaidi ya mita 10 tangu ujenzi wake uanze, na bado kinashuka kidogo kidogo.

Haijui pia ule mfinyanzi wa Norway ambao chumvi yake ya baharini imeoshwa na maji ya mvua, ukabaki umesimama kwa mazoea tu. Ukiguswa huweza kugeuka uji. Huko Gjerdrum, Desemba 30, mwaka 2020, udongo huo ulibeba nyumba usiku na kuwaua watu kumi. Kwa hali kama hizo zimetungwa modeli nyingine zenye namba kumi, kumi na tano, au zaidi. Shida yake ni kwamba namba hizo zahitaji sampuli safi za udongo, na kulichimbua tope kutoka mita 30 bila kulivuruga ni ufundi wa peke yake, tena wa gharama. Mhandisi mwenye modeli bora na sampuli iliyovurugika hana cha kumzidi mwenye modeli duni.

Kwa upande wa Singapore, sheria za ujenzi zilikazwa. Mashimo marefu sasa huhitaji mhandisi aliyesajiliwa mahususi kwa kazi za udongo, na hesabu zake hupitiwa na mhandisi mwingine asiyehusika na mradi. Mihimili ya muda, ambayo zamani ilitazamwa kama mambo ya mkandarasi, nayo hukaguliwa kwa ukali ule ule wa jengo la kudumu.

Barabara ya Nicoll ilifunguliwa tena Desemba 4, mwaka 2004. Shimo lenyewe halikuchimbwa upya. Reli ilipitishwa kusini yake, na kituo kinachoitwa kwa jina la barabara hiyo kikaanza kupokea abiria Aprili 17, mwaka 2010.